Jibu la Swali la Saba

Siku alipoambiwa kwamba figo lake la kushoto limekadiriwa kuwa na thamani ya miezi kumi na miwili, Wembe alikuwa amekwisha kuzamisha mkasi katika tabaka nane za kitambaa cha sare za shule, na mkasi uliokwisha kuingia nguoni haurudi kinyumenyume. Akakata mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Ndipo alipouweka chini, mnyororo ulioufunga mkasi ule kwenye meza ukalia kidogo, akamgeukia mleta habari.

"La kushoto tu?" aliuliza. "La kulia mmeliona lina ila gani?"

Cherehani kumi na sita zilinyamaza kwa mpigo, kisha karakana nzima ya gereza la wanawake ikaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa Bwana Ustawi peke yake. Huyu ndiye ofisa aliyeshughulikia shida za wafungwa: mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeamini kwa dhati kwamba hakuna dhiki ya mwanadamu isiyokuwa na fomu yake, kazi ni kuitafuta tu.

"Hili si jambo la mzaha," alisema. "Ni sheria mpya. Mfungwa akitoa figo, anapunguziwa mwaka mmoja. Na ile barua yako ya kuomba kumtolea kaka yako imeonekana."

"Kumbe ilikuwa imepotea?"

"Haikupotea. Ilikuwa inasubiri."

"Miezi minane, Bwana Ustawi. Hata mimba ya miezi minane huwa imeshaanza kupiga mateke."

Jina la Wembe alilipata wiki yake ya kwanza gerezani, na hadi leo mabweni mawili yanabishana: moja linasema ni kwa ajili ya mkono wake mezani, maana hukata kola ishirini zikalingana kama meno ya kitana, la pili linasema ni kwa ajili ya ulimi. Kosa lake lilikuwa vyeti. Si vyake, vya watu. Alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, lenye mashine mbili na kiti kimoja cha wateja, na kutoka duka hilo alikuwa ametunuku stashahada nyingi kuliko chuo chochote cha karibu, bila mgomo hata mmoja wa wanafunzi. Hakimu alimpa miaka mitano, na juu yake nasaha ya robo saa kuhusu ubaya wa karatasi inayosema jambo lisilokuwapo. Miaka ilikuwa imemomonyoka ikabaki miezi kumi na sita. Nasaha ilikuwa bado nzima, mpya, kama ilivyotoka kinywani.

Kaka yake alikuwa kinyozi. Mwaka juzi mafigo yake yalimgomea, na tangu hapo mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne mfululizo, akarudi nyumbani amelegea kama nguo iliyotolewa majini. Mama yao alijitolea akakataliwa kwa sababu ya sukari. Wembe alipopimwa, vipimo vyake vikaoana na vya kaka yake kama kifuniko na chungu chake. Ndipo alipoandika ile barua, akaomba ruhusa atoe figo angali mfungwa, na barua ikaingia ofisini ikatulia. Sasa sheria mpya ilikuwa imeifufua kwa siku mbili.

Na kwa kuwa mwenyewe alikiri baadaye, hakuna haja ya kumfichia: aliporudi mezani kwake, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani hakikuwa uso wa kaka yake. Ilikuwa ni hesabu. Kumi na sita toa kumi na miwili, nne. Aliona mlango. Aliona kizingiti. Aliona hata viatu atakavyovaa siku hiyo. Kaka yake alimjia nyuma ya viatu.

Alitia sahihi siku hiyohiyo.

*

Wanawake waliotia sahihi walifika kumi na mmoja. Fomu ilikuwa na kurasa mbili zilizobanwa kwa pini: sehemu A, ambamo mfungwa alikubali kutoa figo, na sehemu B, ambamo serikali ilikubali kupunguza kifungo. Sehemu A ilikuwa na maswali kumi na mawili ya kujibiwa mbele ya jopo. Sehemu B haikuwa na swali. Ilikuwa imejazwa tayari na kupigwa muhuri wa bluu.

Kila baada ya chakula cha mchana Bwana Ustawi aliwakusanya karakanani kuwaandaa, akisimama kati ya mafungu ya suruali ambazo hazijatiwa vifungo.

"Swali la saba ndilo roho ya fomu," alisema. "Sikilizeni vizuri. Je, kuna mtu yeyote aliyekushawishi, aliyekulazimisha au aliyekuahidi chochote ili utoe kiungo hiki? Mnajibuje?"

"Hapana," wakaitika kumi na mmoja kwa pamoja.

"Mbona mnaitika kama shule ya vidudu? Liseme kama linatoka moyoni."

"Hapana," wakasema tena, safari hii kila mmoja na moyo wake.

Wembe aliinua mkono. "Bwana Ustawi, na mtu akijibu ndiyo?"

"Ombi linafutwa palepale. Sheria inataka figo litolewe kwa hiari tupu. Ni zawadi."

"Na sehemu B?"

"Sehemu B ni shukrani."

"Shukrani inayotangulia zawadi," alisema Wembe. "Haya. Mimi nimezoea mgeni kushukuru baada ya kula."

Wakacheka, na Bwana Ustawi naye akacheka kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Wembe alicheka pia. Siku hiyo ulikuwa bado utani tu.

*

Kaka yake alikuja Jumamosi. Chumba cha wageni kilikuwa na kaunta ndefu iliyogawanywa kwa wavu, mabenchi yaliyokazwa sakafuni kwa bolti, na afande mmoja mlangoni aliyejifanya hasikii. Kinyozi aliingia akiburuta ndara, maana viatu vilikuwa havimwingii tena. Miguu ilikuwa imeumuka kama mikate. Kichwa chake, kilichokuwa tangazo la duka lake, kilikuwa kichaka.

"Umenenepa," Wembe alimwanzia.

"Ni maji."

"Najua ni maji. Nakutania."

Siku nyingine angemrudishia. Walikulia katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo aliyekosa jibu la haraka alikosa na nafasi ya kulala karibu na dirisha. Lakini kaka alikaa, akapangusa kaunta kwa kiganja kana kwamba anatafuta pa kuweka neno, kisha akasema:

"Nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru mimi?"

"Ndiyo. Ahsante sana, mdogo wangu. Mungu akulipe."

Katika miaka thelathini na miwili ya udugu wao, mtu huyu hakuwahi kumwambia ahsante. Wembe alipomwokoa na mbwa wa jirani, alimwambia umechelewa. Alipomshonea suruali ya harusi, alimwambia mguu mmoja ni wa bwana harusi mwingine. Na sasa alikuwa amekaa mbele yake na ahsante iliyonyooshwa pasi, kama mtu aliyehudumiwa vizuri dukani.

"Mama anasemaje?"

"Mama amefurahi. Anasema kila mtu kapata chake. Mimi figo, wewe mlango."

"Na wewe unasemaje?"

Kaka aliutazama wavu. "Mimi nataka kuishi. Figo likija kwa mapenzi, likija kwa miezi, damu yangu haitaliuliza limetoka wapi."

"Niliandika ile barua kabla sheria hii haijazaliwa."

"Uliandika." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu aliyekaa na jambo siku nyingi. "Nakala uliyonitumia niliisoma. Umeandika 'niko tayari' mara nne. Ukurasa mmoja, mara nne. Mtu aliye tayari huandika mara moja, mdogo wangu."

Wembe akafungua kinywa abishe.

"Sikulaumu," kaka aliongeza upesi. "Hata mimi ningeogopa. Nakwambia tu ili ujue kwamba najua. Chukua miezi yako, nipe figo, tusidaiane maneno."

Alipoondoka, sauti ya ndara zake ilisikika mbali kwenye ukumbi kuliko ilivyostahili.

Kweli ni kama mwiba wa samaki: ukishaingia kooni, kuimeza huwezi na kuitema huwezi. Kaka alikuwa amesema kweli. Miezi minane ile, kila Ijumaa barua isipojibiwa, Wembe alikuwa akiilaani ofisi kwa sauti mbele ya watu, na kimoyomoyo akishusha pumzi. Aliogopa kisu. Aliogopa kulala na kuamka amepungua. Aliogopa hata zaidi kwamba mtu angemwona akiogopa. Kisha wakaja na miezi kumi na miwili, na hofu ikaondoka bila kuaga. Sasa figo lilikuwa moja, sababu zilikuwa mbili, na kwa uhai wake hakuweza kusema ni ipi iliyoshika kalamu siku aliyotia sahihi.

Wengine wangeliacha hapo. Damu haiulizi, kama alivyosema kinyozi. Lakini Wembe alijua karatasi. Alijua kwamba cheti cha uongo hukaa ukutani kimya miaka mingi, na mwenye nacho ndiye pekee asiyeweza kukitazama. Hakutaka kuwa na kaka mwenye figo la aina hiyo. Alichotaka kilikuwa kidogo na kigumu: kujua. Na njia ya kujua ilikuwa moja tu, miezi ile iondolewe mezani, aone kama mkono wake utabaki pale.

*

"Nataka sehemu B ifutwe," alimwambia Bwana Ustawi Jumatatu asubuhi.

"Ifutwe vipi?"

"Kwa kalamu. Unazo tatu."

Ofisi yake ilikuwa na mafaili hadi chini ya kiti cha mgeni, hivi kwamba Wembe alikaa miguu upande. Bwana Ustawi aliigeuza fomu mara mbili, mbele na nyuma, akitafuta.

"Fomu haina nafasi ya kukataa punguzo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu atakataa."

"Basi chora nafasi."

"B ikifa, A inakufa nayo. Ni ombi moja. Jopo linakuja kesho, wageni wamealikwa, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha kwa sababu kisa chako ni kizuri. Dada na kaka. Hata mpiga picha atakuja." Akavua miwani. "Nikuulize, unajua wanaosubiri figo ni wangapi? Mia mbili na kumi. Orodha nimeishika kwa mikono yangu. Mdogo wao ana miaka tisa. Wewe unatafuta usafi wa moyo. Wale wanatafuta figo."

Wembe alikuwa na mzaha wa mahakimu, wa maafande, wa shangazi zake wote kwa mpangilio wa umri. Wa mtoto wa miaka tisa hakuwa nao.

"Sisemi wasipate," alisema mwishowe.

"Unasema nini?"

"Nasema nisiulizwe kama nimeahidiwa kitu, huku ahadi yenyewe imekaa ukurasa wa pili inanisikiliza."

"Jibu hapana. Wote watajibu hapana."

"Hilo ndilo linalonitisha, Bwana Ustawi."

Habari gerezani hutembea kasi kuliko uji. Kufikia mchana karakana ilikuwa imenuna. Mwanamke wa cherehani ya tatu alimwambia waziwazi kwamba anaharibu soko: akitoa bure yeye, kesho wengine wataonekana wachuuzi. Wembe alimjibu kwamba soko lililoharibiwa na mtu mmoja lilikuwa limeoza tangu awali. Lakini alilisema bila ladha, na mkasi siku hiyo ulimpotoka mara mbili.

Mama Pacha ndiye aliyemfuata kwenye karo la kufulia. Kazi yake ilikuwa kutia vifungo, na alizungumza kwa nadra, kana kwamba maneno nayo yanahesabiwa jioni pamoja na sindano. Alikuwa na watoto wawili wa kike waliozaliwa siku moja, wenye miaka sita sasa, wanaolelewa na bibi yao. Aliwaacha wana miaka mitatu. Alifungwa kwa kubeba begi la mtu ambalo hakulifungua. Figo lake lingekwenda kwa mtu asiyemjua.

Akatumbukiza shati lake karoni kando ya la Wembe, akafua muda mrefu kabla ya kusema.

"Wewe una bahati ya kukataa."

"Bahati gani, dada?"

"Figo lako linakwenda kwa ndugu. Ukiikataa miezi, unabaki na kaka. Mimi nikiikataa, nabaki na nini? Kovu?"

"Hakuna aliyekulazimisha kutoa."

"Nani kakwambia?" Mama Pacha alisema bila kupandisha sauti. "Wakili sina. Mjomba mkubwa serikalini sina. Nimepekua nyumba nzima ya maisha yangu, chumba hadi chumba, nikakuta mafigo mawili tu. Ningetoa nini kingine?"

"Basi waambie hivyo."

"Nikiwaambia hivyo hawalichukui. Hiyo ndiyo akili ya swali lao." Akalikamua shati mpaka likatoa mlio. "Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu. Kesho ukiingia, jibu kama tulivyofundishwa. Usiuvunje mlango nami niko kizingitini."

"Sitakutaja."

"Sijakuomba usinitaje. Nimekuomba ujibu hapana."

Wembe hakuahidi. Alisugua kola yake mahali pamoja, mahali palipokuwa safi tangu mwanzo, mpaka Mama Pacha akabeba ndoo yake akaondoka.

*

Jopo lilikaa katika ukumbi wa ibada, na meza ilifunikwa kitambaa cheupe alichokikata Wembe mwenyewe juma lililotangulia bila kujua ni cha nani. Nyuma yake walikaa wanne: daktari mpasuaji, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye kucha fupi sana na ndiye mwenyekiti, mwanasheria wa serikali mwenye kijitabu cha sheria, Mkuu wa gereza na nyota zake mabegani, na Bwana Ustawi, katibu, uso umempauka kabla hata ya kuanza. Wenzake kumi waliketi nje, kwenye benchi la ukumbini, kwa mpangilio wa majina. Wa pili alikuwa Mama Pacha.

Maswali sita ya kwanza yalipita kama gari kwenye lami. Jina. Umri. Maradhi ya utotoni. Anaelewa hatari ya upasuaji? Anaelewa. Anaelewa kwamba figo likishatolewa halirudishwi?

"Naelewa. Hata kitambaa ni hivyohivyo."

Daktari alitabasamu, akafunua. "Swali la saba. Je, kuna mtu yeyote aliyekushawishi, aliyekulazimisha au aliyekuahidi chochote ili utoe kiungo hiki?"

"Ndiyo," alisema Wembe.

Kalamu ya Bwana Ustawi, iliyokuwa imeshaanza kuandika hapana, ilisimama kwenye herufi ya kwanza.

"Nani?" aliuliza daktari.

"Nyinyi. Ukurasa wa pili. Muhuri wa bluu."

Mkuu wa gereza aliegemea mbele. "Wembe. Wageni hawa wametoka mbali. Jibu swali utoke."

"Nimejibu, afande. Kisanduku cha Ndiyo kipo hapo, nadhani hakijawahi kupata mgeni."

"Unajua maana ya jibu hilo?" aliuliza mwanasheria. "Ombi lako linafutwa sasa hivi."

"Najua. Ndiyo maana naona hili si swali, ni kizuizi cha barabarani. Sema neno upite." Ulimi ulikuwa umeshapata njia. "Mheshimiwa, mimi niko humu kwa karatasi za uongo. Mtu hakusoma, mimi nikaandika amesoma, nikapiga na muhuri. Hakimu akaniambia hilo ni jambo baya sana. Nimekaa miaka mitatu na nusu nikilitafakari, nikakubali ni jambo baya sana. Leo mnanikalisha mbele ya serikali nzima, mnanipa karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna aliyeniahidi kitu, na ahadi imebanwa nyuma yake kwa pini. Mnataka nitie sahihi. Kama nilikuwa nimerekebika, sasa mnaniharibu."

Mkuu wa gereza aliangalia kitambaa cha meza. Kona ya mdomo wake ilikuwa na kazi ngumu ya kutulia.

"Toka nje tushauriane," mwanasheria alisema.

"Nikitoka mtashauriana kunihusu. Nikikaa mtashauriana nami. Nitakaa."

Afande wa mlangoni alipiga hatua. Daktari aliinua kiganja, na afande akasimama palepale.

"Unataka nini hasa?" daktari aliuliza.

"Futeni miezi. Kisha niulizeni tena."

"Na tukiifuta, ukakuta hutaki tena kutoa?"

Hilo ndilo swali ambalo Wembe alikuwa akilikimbia tangu Jumamosi, na huyu mama wa kucha fupi alikuwa amemkuta nalo uso kwa uso.

"Basi mtakuwa mmeepuka uongo," alisema, "na mimi nitakuwa nimejijua. Na kaka yangu atabaki na mashine."

"Utaweza kuishi na hilo?"

"Hilo halimo katika maswali kumi na mawili, daktari."

Daktari akamgeukia mwanasheria. "Kuna kifungu kinachomruhusu kukataa punguzo?"

"Hakuna."

"Kuna kinachomkataza?"

Mwanasheria alikifungua kijitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma, akalowanisha kidole, akapekua tena. "Hakuna," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyumba yake ina mlango asioujua. "Lakini mwenyekiti, fikiria wale kumi walioko nje. Tukianza kufuta..."

"Nitafikiria mmoja mmoja. Atakayepasua ni mimi, si kijitabu. Simkati mtu nisiyejua kama amekubali."

Akaichomoa pini kwa ukucha, akaiweka sehemu B peke yake juu ya kitambaa cheupe, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akatia sahihi. Wembe, kwa mazoea ya kazi, aliona mstari umepinda. Aliona pia kwamba tayari amepoteza kitu. Miezi kumi na sita ilirudi ikamkalia mabegani yote kwa pamoja, na vyakula vyake, na hesabu ya sindano kila jioni, na misimu miwili ya mvua itakayomkuta akiisikiliza juu ya mabati.

"Swali la saba," alisema daktari, na akalisoma upya, neno kwa neno.

Wembe alijitafuta. Alitafuta upendo mkubwa, ule unaosemwa kwenye mahubiri, hakuuona. Alichokuta ni miguu iliyoumuka ndani ya ndara, na kichwa cha kinyozi kilichokosa wa kukinyoa. Hofu ilikuwa palepale, imerudi na mizigo yake yote, na kisu kilikuwa na ncha ileile. Akangoja mkono wake urudi nyuma. Akangoja zaidi. Mkono ulikuwa juu ya kitambaa, ukitetemeka waziwazi mbele ya watu wanne, na haukurudi.

"Hapana," alisema.

"Na unatoa?"

"Natoa."

Bwana Ustawi aliandika. Ilimchukua muda, maana ilimbidi kwanza akate ile herufi aliyoianza mapema, kisha aandike neno lilelile.

*

Ukumbini, nyuso kumi zilimgeukia kwa mara moja. Alijikalisha kwenye ncha ya benchi.

"Wamekufanya nini?" Mama Pacha alinong'ona.

"Wamenirudishia miezi yangu. Kumi na sita, haikupungua hata siku."

"Na kaka?"

"Kaka anapata figo."

Mama Pacha alimtazama, na katika macho yale kulikuwa na hasira, na chini ya hasira kitu kingine ambacho hakikuwa na haraka ya kujitambulisha. "Umeniharibia?"

Wembe angeweza kumtuliza. Uongo mdogo, wa kirafiki, ungefika kinywani bila kuitwa mara ya pili.

"Sijui," alisema. "Yule daktari anasikiliza. Kama hilo linaharibu au linatengeneza, sijui, dada."

Jina la pili likaitwa. Mama Pacha akasimama, akavuta gauni lake la gereza likae sawa, akajipapasa ubavu wa kushoto kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu, akaingia. Mlango ulirudishwa lakini haukufunga. Ulibaki na ufa wa upana wa vidole viwili.

Afande alimgusa Wembe begani. "Nyanyuka. Karakanani."

Wembe hakunyanyuka. Afande akamrudia, kisha naye akanyamaza, kwa kuwa ndani walikuwa wamefika swali la tano, la sita, na wanawake tisa kwenye benchi walikuwa wameinamisha vichwa kuelekea ule ufa.

Sauti ya daktari ilisoma swali la saba.

Karakanani, kila walipofundishwa, jibu lilikuwa likitoka kabla swali halijafunga mdomo. Sasa halikutoka. Kiti kililia ndani, mtu alikohoa, pengine mwanasheria. Upande wa pili wa ua cherehani moja ilianza na kuacha. Kisha ikasikika sauti ya Mama Pacha, ya chini, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyewahi kukabidhiwa begi asilifungue.

"Naomba ulirudie, daktari. Polepole."